Mlango wa Aika

Mlango wa chumba cha Aika ulianza kuuma wiki ya pili ya mvua za Machi. Ni mlango wa chuma, kama yote minne ya nyumba tuliyopanga pale Bulyaga, na ukiushika bila viatu umeme unakupiga kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Sisi watu wazima tulizoea. Tuliufungua kwa kanga, au tukiwa na ndala miguuni. Lakini Aika, nesi aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, ana mtoto wa miezi kumi na moja, Allen, na Allen alikuwa ameanza kusimama kwa kushika chochote kilicho karibu naye.

Alimpigia mwenye nyumba simu mara tatu. Mzee Ambindwile, mkulima wa chai huko Masukulu, alijibu mara zote kwamba umeme anautumia mpangaji, basi mpangaji atafute fundi. Mara ya nne simu niliichukua mimi. Nilimwambia nyaya za darini hakuzifunga mpangaji, na mtoto akifa pale nitamtaja yeye kwa jina mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Akakata simu. Kesho yake asubuhi akaja.

Alikuja na mkungu wa ndizi. Mzee huyu hafiki kwa wapangaji wake mikono mitupu, ndiyo maana kumlalamikia ni kazi ngumu. Unaanzaje kugombana na mtu huku umekumbatia ndizi zake? Aika akapokea, akashukuru. Mimi sikupokea kitu.

Mzee akaushika mlango kwa mikono yote miwili, akautikisa.

"Uko wapi huo umeme?"

"Vua gambuti, tata," nikamwambia, kama ninavyomwita baba yangu.

Akanitazama kuanzia chini hadi juu. Huku kwetu mvua zikianza kila mtu yuko ndani ya gambuti, na yeye nadhani huzivua akienda kulala tu. Miaka yote alikuwa akiikagua nyumba yake akiwa amesimama juu ya mpira, kwa hiyo hata kama ingeuma asingejua. Lakini kijana kumwamuru mzee avue viatu uani, mbele ya watu, ni karibu sawa na kumwamuru avue suruali.

"Gwe Lugano, baba yako nilichunga naye ng'ombe. Leo wewe unanivua viatu?"

Nikaleta testa ninayotumia kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, nikaigusisha mlangoni. Ikawaka. Mzee akasema inawashwa na hasira zangu. Jirani aliyekuwa akianua nguo akacheka, na hasira zangu zikapanda kweli.

Aika akamkaribisha mzee ndani anywe chai. Hilo hakuweza kulikataa, na hakuna anayeingia kwa mtu na gambuti zenye matope. Akavua ya kwanza, akavua ya pili, akakanyaga saruji iliyolowa. Nilijua kinachofuata, nikanyamaza. Kusema kweli, nilitaka kimpate.

Akanyoosha mkono, akaushika mlango asije akateleza. Hakikutokea kitu.

"Mnaona?" akasema. "Vijana wa siku hizi mnaogopa hata bati."

Nikamgeukia Aika. Alikuwa amesimama chini ya mita ya umeme, mkono wake ungali kwenye swichi kuu.

"Nimezima, baba," akasema. "Una presha, na mimi ndiye ninayekupima kila mwezi. Ungeushika ukiwa na umeme, sijui kama ungeinuka. Lugano naye alijua utapigwa, ndiyo maana alikaa kimya." Akamwinua Allen, ambaye alikuwa ameshajivuta mpaka kizingitini. "Huyu hana gambuti."

Mzee akauachia mlango. Hakuna aliyenitazama, lakini uso ulinichoma, na mimi si mtu wa kuona aibu upesi.

Nikatoka kuzunguka nyumba. Nyuma, katikati ya migomba, waya wa ethi ulikuwa unaning'inia bila kushika chochote. Nilipomwita mzee nikamweleza kwamba mwisho wa waya ule huwa kuna chuma kilichozamishwa ardhini, ili umeme unaovuja ushukie huko badala ya kupita kwa mtu, aliinama akautazama.

"Kile chuma niliking'oa mimi," akasema. "Nilipopanda hii migomba. Nilidhani mafundi walikisahau. Kiko Masukulu, nimefungia ndama."

Hatukubishana tena. Alimpigia fundi mwenyewe, na fundi akakuta waya uliochubuka ukisugua bati linalogusa fremu ya mlango wa Aika. Akaubadilisha, akapigilia chuma kipya. Mgomba mmoja ulikuwa unazuia. Mzee akaukata kwa mkono wake. Umeme uliporudi nilivua ndala, nikaushika mlango. Kimya. Hapo ndipo Aika alipomteremsha mtoto.

Nilitegemea mzee aondoke. Hakuondoka. Alisimama uani na gambuti zake, mvua ikimnyeshea.

"Nina nyumba nyingine hapa jirani, Msasani," akasema. "Ina wapangaji sita. Huko nako nilipanda migomba."

"Na huko ulikuta chuma?"

"Nilikikuta."

Akamwomba fundi asifunge mkoba. Kisha akatoa simu, akampigia mpangaji wake mkubwa wa kule, akamwambia azime swichi kuu sasa hivi. Tulisikia yule mtu akiuliza kuna nini.

"Zima kwanza," akasema mzee. "Kosa ni langu. Nakuja."