Kapasita Iliyoshika Mafuriko

Fundi alitandika magazeti juu ya meza ya kulia, akailaza redio ya mama yake kifudifudi, akafungua skrubu za nyuma na kuzitia kwenye kisahani cha kikombe zisije zikapotea. Ilikuwa redio ya zamani, ya kusikilizia na kusemea, nzito kama mfuko wa saruji. Ndani yake kapasita zote, vile vikopo vinavyotunza umeme, zilikuwa zimevimba. Ile kubwa kuliko zote, ya bati, nene kama kikombe, ilikuwa imeanza kuchuruzika.

"Hizo ndizo zilizoniponza," mama alisema kutoka kitini kwake.

"Hazikukuponza, Mama. Zimezeeka tu."

"Kamwambie Mwenyekiti."

Mwaka wa mafuriko mama ndiye aliyeyaona maji kabla ya wengine wote, kwa kuwa nyumba yake iko kwenye kona ya mto. Alishika kipaza sauti akaita. Mwenyekiti wa chama cha redio, ambaye ndiye hugawa zamu za kuzungumza, alimwambia asubiri, alikuwa na mtu wa ng'ambo hewani. Hivyo ndivyo asemavyo mama. Mwenyekiti husema hakusikia kitu: kapasita za mama yule zilikuwa zimekufa, na redio yake ilikuwa bubu. Maji yaliukuta mtaa wa chini watu wakiwa jikoni. Tangu hapo, katika kila mkutano, Mwenyekiti humtolea mama mfano ili wanachama wapya waone uzembe unavyoua. Mama hakuigusa redio tena.

Jioni ya siku hii ya matengenezo majina ya vituo vya wanachama yangeitwa hewani, na kituo ambacho kisingejibu kingefutwa. Fundi alikuwa amejiapiza kwamba cha mama yake kitajibu, kwa udi na uvumba.

Kwanza aliigusisha bisibisi kwenye miguu ya ile kapasita kubwa ili kuitoa umeme, maana kapasita ina kinyongo: redio inaweza kuzimwa miaka na miaka, yenyewe ikakungoja ikupige. Haikutoa cheche. Ilitoa maji. Yalikuwa ya kahawia, yananuka tope na mafuta ya taa, nayo yalilowesha magazeti yakaanza kumiminika sakafuni.

"Nipe ndoo, Mama."

Ndoo ilijaa, likafuata beseni, kisha masufuria. Walitoka samaki wawili wadogo, na kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto. Mama aliisuuza akaianika dirishani.

Mwenyekiti alipofika, amekuja mapema kuifungua antena ya kituo atakachokifuta, maji yalikuwa yamefika kizingitini. Alisimama humo na viatu vyake vya ngozi.

"Bomba limepasuka?"

"Kapasita imevuja, Mzee."

"Si nilisema mimi? Mbovu. Mbovu tangu siku ile."

Fundi aliinyanyua kapasita, ingali inatiririka. "Mzee, kupima kapasita nilifundishwa na wewe. Iliyokufa huwa inashika nini?"

"Haishiki kitu," Mwenyekiti alijibu, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi.

"Hii imeshika mto."

Mwenyekiti aliyatazama maji, akawatazama samaki, akakunja suruali yake mara mbili.

"Ni unyevu," alisema. "Nyumba yenu iko bondeni. Tutakutana hewani, binti, kama mtakuwepo." Akaondoka, viatu vikimlilia njia nzima.

Fundi alifunga kapasita mpya, moja baada ya nyingine, ndogo kama punje za karanga, akihakikisha hasi inakaa kwenye hasi, kwani ukizigeuza hulipuka usoni. Alipomaliza hakuipa redio umeme wote kwa pupa. Aliupitishia kwanza kwenye balbu: ikiendelea kuwaka kwa ukali, kuna kosa. Balbu iliwaka kwa ukali. Fundi aliweka kidole kwenye swichi. Balbu ikafifia, ikatulia, na redio ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba.

"Inapumua," mama alisema, akasogeza kiti.

Majina yaliitwa. Mwenyekiti alilitaja la mama haraka haraka, mdomo tayari uko kwenye linalofuata.

"Kona ya Mto, nipo," mama alisema.



"Nakupata, Kona ya Mto," alijibu mzee mmoja wa mbali. "Unasikika kama kengele. Ila samahani, mama, redio yangu imeanza kuvuja. Maji ya tope."

"Hata yangu," alisema mwingine.

"Mimi nimeshatega beseni."

Walijitokeza mmoja mmoja, vituo vyote vilivyokuwa vimewashwa siku ile. "Tulikusikia, mama, ila tulikuwa tunangoja zamu," mmoja wao alieleza.

"Kituo changu ni kikavu," Mwenyekiti alisema. "Kikavu kabisa."

"Na ile ndoo ninayoimwaga kila asubuhi ni ya nini?" iliuliza sauti ya mkewe nyuma yake.

Kicheko kilipita hewani kutoka kituo hadi kituo. Mwaka ule ule watu hao hao walimchagua tena Mwenyekiti, na mpaka leo hutoa mfano wake ule ule mkutanoni. Wanachama hukunja suruali zao, husikiliza, hawambishii. Maji wanamwagilia bustani. Mtaa wa chini haujapata watu wa kuujaza.

Lakini jioni ile mama alibonyeza kipaza sauti tena.

"Nina ujumbe. Nilikatizwa."

"Subiri zamu yako," Mwenyekiti alisema.

"Hapa ni Kona ya Mto," mama alisema. "Maji yanapanda. Watoeni watu mtaa wa chini. Nani amenipata?"

"Nimekupata," alisema mzee wa mbali. "Nimekupata," alisema mwingine. "Nimekupata, mama," alisema wa tatu. Waliendelea hivyo, sauti za karibu na za ng'ambo, mpaka fundi akaacha kuzihesabu, akaanza kukusanya vifaa vyake mezani.

"Mama, umechoka. Niizime?"

"Ondoa mkono wako hapo," mama alisema. "Kuna wengine wananiita."