Utando Uliojikunja Uani

Siku mumewe Haji alipofariki, Raya alitoka maabara mbio na kiboksi cha utafiti wake kikabaki mkobani. Ndivyo kilivyofika Bagamoyo kwa wakwe zake, kikaingia naye chumbani kukaa eda.

Ndani yake, kwenye karatasi ya foili, mlikuwa na utando wa manjano, mdogo kama ukucha. Raya aliutengeneza kwa molekuli zenye matawi juu ya matawi, na kila tawi limeishia kwenye kijiti. Gizani vijiti hujipanga safu, kama watu wanaosali jamaa. Mwanga mkali ukivipiga hupinda, safu ikavurugika, na utando mzima ukajikunja. Urudishe gizani, uuache, hunyooka wenyewe. Tando nyingine zote zilikwisha kwenye majaribio, ukabaki huu.

Wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja Dar es Salaam kuuona. Wakiridhika, Raya angekwenda kwao kumalizia utafiti wake. Aliomba kutoka mchana mmoja tu, akasema hata shehe hakuona ubaya. Bi Mwanamvua, mama wa marehemu, hakutaka kusikia.

"Mjane wa mwanangu asionekane barabarani," alisema. "Watu watasema nini?"

Watu hao hao ambao hawakujua hata anasomea kitu gani. Raya alimeza hasira, kwani nyumba ni ya mkwewe na msiba ni wao wote.

Akamwagiza Jignesh, mwenzake wa maabara, aje kuuchukua utando, akauonyeshe yeye. Jignesh aliamkia, akatoa pole, akakaa barazani asivuke mlango. Nyuma ya pazia, Raya alimkabidhi mkwewe kiboksi.

"Mama, tafadhali kisifunguliwe."

Hapo ndipo alipoharibu. Mwambie mama mkwe kwamba kitu cha mjane kinachokwenda kwa mwanamume kisifunguliwe, halafu uone. Bi Mwanamvua alizungukia nacho uani, jua la saa sita likiwa utosini, akakifungua kutafuta marashi au pete. Hakuona ila kipande cha manjano, nacho kikaanza kujikunja mbele ya macho yake. Alipiga bismillahi, akakibonyeza kwa dole gumba mpaka kikalala. Akakifunga vizuri, akampelekea mgeni.

Wageni walipokwisha kuondoka, Jignesh alirudi. Alisemea barazani, kwa sauti ya chini.

"Raya, haukujikunja. Niliumulika mbele yao, haukutikisika. Baadaye nikautazama kwa hadubini, una nyufa tupu. Wamemchukua mtafiti mwingine."

Raya alimgeukia mkwewe, aliyekuwa anapepeta mchele. Ungo ulikuwa umesimama mikononi.

"Kilijikunja," Bi Mwanamvua alisema. "Nilidhani nimekiharibu, nikakinyoosha."

"Ungekiacha tu, mama. Kingenyooka chenyewe."

"Mimi ningejuaje?"

Angeuliza. Raya alikuwa pale pale nyuma ya pazia, mchana kutwa, hana pa kwenda. Machozi aliyodhani yameishia kwa Haji yakamtoka upya, makali kuliko ya mwanzo.

Jignesh aliaga, akaenda zake. Bi Mwanamvua aliweka ungo chini, akalivuta pazia lililoachia upenyo, jua lisimfikie mjane.

"Vumilia eda iishe, mwanangu. Utatengeneza kingine."

"Inshallah, mama," Raya aliitika kwa adabu zote, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumba ile, akamchukia.