Dahlia za Karai

Miaka nenda miaka rudi mkulima mmoja alipanda maua ya dahlia kwa mbegu, na karibu kila kilichochanua aliking'oa. Dahlia ya mbegu haifanani na mama yake. Unapanda tuta zima ukaambulia maua yenye shingo legevu. Hatimaye mche mmoja ukampa ua jeupe kama maziwa, petali zimebanana, kikonyo wima, na likikatwa linakaa chomboni juma zima bila kusinyaa. Alikata fungu la kwanza akampelekea wifi yake, muuza maua, awaonyeshe wateja.

Kesho yake akapita dukani. Uvundo wa vikonyo vilivyooza ulimpokea mlangoni; maji ya ndoo yalikuwa yameota utelezi kama makamasi. Nyuma ya pazia akamkuta wifi anachovya yale maua, vichwa chini, kwenye karai la rangi ya nguo. Yaliyokwisha kuchovywa yalining'inia kambani yakidondosha bluu.

"Wifi, unafanya nini?"

"Nayatafutia soko. Nyeupe watu wameizoea. Hii bluu itakuvumishia jina."

Mara akaingia mteja, mama mwenye binti anayeolewa.

"Ndiyo ile mbegu mpya niliyoisikia?"

"Ndiyo yenyewe, na aliyeizalisha huyu hapa," wifi akasema bila kupepesa macho.

"Si kweli, mama," mkulima akasema. "Ni rangi ya nguo hiyo. Itamchuruzikia binti yako kwenye gauni."

Mteja akaligusa ua moja, akatazama kidole chake, akakipangusa kwenye pazia. "Basi nifungie yaliyokauka vizuri."

Wifi akacheka, na mteja naye akacheka. Mkulima akayakumbatia meupe yaliyobaki ndooni, yakimlowesha kifua, akatoka bila kuaga.

Jioni mumewe akamwambia, "Dada kapiga simu. Eti umemwaibisha. Na anaomba vile viazi vya mizizi ya ule mche apande mwenyewe."

"Mwambie atavichimba nikishakufa."

Mume alimjua mkewe, akairudisha simu mfukoni. Mkulima akasugua mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha, na bado alihisi ule utelezi wa ndoo vidoleni.

Juma lililofuata alibeba fungu jipya kwa muuza maua mwingine, upande wa pili wa mji. Yule bwana alipoanza kuyasifia, akamkatiza.

"Asante. Kwanza nionyeshe ndoo zako."