Zamu ya Mariana

Kipindi cha Kiingereza cha Kidato cha Pili kilianza baada ya uji, na Mwalimu Coleta alikifundisha kwa mpira. Ulikuwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni, umekazwa kwa kamba ya katani. Anayeudaka anatunga sentensi, kisha anamrushia mwingine, na hakuna kumruka mtu. Tangu aanze mchezo huo, hata wale waliozoea kujificha nyuma ya migongo ya wenzao walikuwa wanafungua midomo.

Julai, mahindi yalipokwisha kuingia kwenye magunia, Adolfu alimwoza binti yake Mariana kwa mnunuzi wa nafaka wa Laela. Mtoto wa miaka kumi na tano, jamani. Dawati lake la dirishani lilibaki tupu, lakini zamu yake ilipofika, Yonas alirusha mpira pale pale kama kawaida. Mpira ukasimama hewani, usawa wa kifua cha msichana aliyekaa. Sauti ya Mariana ikasema kwa Kiingereza kwamba jana aliteka maji kabla hapajapambazuka. Kisha mpira ukarudi, umelowa.

"Vizuri," alisema Mwalimu Coleta, maana sentensi ilikuwa sahihi. Kipindi kikaendelea.

Ikawa hivyo kila siku. Darasa lilijua kwamba Mariana amepepeta mahindi, kwamba amekatazwa kwenda kanisani, kwamba mgongo unamuuma. Mpira ulirudi na pumba, siku nyingine na majivu. Jumamosi moja Coleta alipanda basi hadi Laela, akamwona kwa macho yake nyuma ya ghala, amejifunga kitenge, ungo mkononi. "Shikamoo Madam," alisema Mariana, na hakuinua uso. Mumewe alikuwa amesimama hapo hapo kwenye mizani.

Coleta alirudi nyumbani. Usingizi hauji, ugali haushuki. Jumatatu akaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Timoth, akamwambia mtoto ameozwa, serikali ijulishwe, akachukuliwe arudi darasani.

"Ameozwa vipi na anajibu maswali?" aliuliza mkuu, huku anakoroga chai. "Mimi mwenyewe nimemsikia nikipita dirishani. Usituletee balaa, Madam. Lakini haya, nitamwita mtendaji wa kata aje ajionee."

Hapo ndipo wasiwasi ulipomkaba Coleta barabara. Mtendaji akiisikia ile sauti, atasema mtoto yupo, na habari imeishia hapo. Mpira ukifichwa, Mariana atashinda kutwa bila mtu wa kusema naye. Sasa mtu achague lipi? Siku ya mtendaji aliufungia mpira kabatini, akaingia darasani na chaki tu.

"Nimeambiwa hapa mnacheza," alisema mtendaji, Bwana Beda, koti limefungwa hadi shingoni kwa ajili ya upepo. "Hebu nione."

Mkuu wa shule akaenda mwenyewe kulifungua kabati, akauleta mpira. Siku hiyo zoezi lilikuwa kuuliza maswali. Rahel akauliza lake, akamrushia Yonas. Coleta alimtikisia kichwa Yonas, tena na tena. Yonas alimwona, lakini zamu ilikuwa ya Mariana, na hakuna kumruka mtu. Akarusha.

Mpira ukasimama hewani. Kilisikika kikohozi, kisha Mariana akauliza, kwa Kiingereza kilichonyooka, ni lini Madam atakuja kumchukua, maana amechoka, na usiku ukiingia anaogopa.

"Loo! Huyu ananishinda mimi!" alisema mtendaji. "Yupo, tena anafanya vizuri. Mpigieni makofi ya kilo!"

Wakapiga. Mkuu wa shule alipiga kuliko wote.

"Mheshimiwa, umesikia anachouliza?" alisema Coleta.

"Nimesikia, Madam. Hongera kwa kazi nzuri." Akampa mkono, akatoka kwenda kuwasha pikipiki yake.

Mpira ukarudi umelowa, safari hii moja kwa moja mikononi mwa Coleta. Aliyeulizwa ni yeye, na kwa sheria ya mchezo anayedaka ndiye anayesema. Darasa zima likamgeukia, likasubiri. Kengele ikagongwa. Akauanika mpira dirishani, juu ya dawati la Mariana, ukauke kwa ajili ya kipindi cha kesho.