Neno la Pengo

Sindano hakuitwa Sindano kwa sababu ya kushona tu. Kushona alishona, tena tangu alipoachiwa cherehani na marehemu mama yake, lakini jina lile alilipata kwa ulimi. Ukichelewa kuchukua nguo yako utaambiwa, na ukinenepa baada ya kupimwa utaambiwa pia. Siku hiyo ulimi wenyewe ulikuwa umekwama. Alikuwa kwenye chumba cha kurekodia, hedifoni masikioni, karatasi mkononi, na kwenye karatasi ile palikuwa na tusi moja ambalo mdogo wake alitaka alitamke kwa sauti ya juu.

Mdogo wake alikuwa upande wa pili wa kioo, pamoja na fundi mitambo. Nyumbani walimwita Bwana Herufi, kitindamimba aliyesoma hata maandishi ya kwenye magunia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Redio ilikuwa imempa kazi ya kutunga lugha za mchezo wa kuigiza, wenye mataifa matatu yanayopigana, na yeye badala ya kutunga lugha mpya alikwenda kukifukua Kimeza. Waigizaji walikuwa wakikitamka kama watu wenye kiazi moto mdomoni, ndiyo maana alimwita dada yake aje kusaidia. Nani mwingine angemwita? Waliobaki duniani wanaokijua Kimeza ni wao wawili.

Kimeza walikitunga utotoni, watoto watatu chini ya meza ya mama yao ya kukatia vitambaa, ili wakubwa wasiambulie kitu. Mkasi waliuita sapa. Yule wa katikati, msichana, aling'oka meno ya mbele karibu yote kwa mkupuo mmoja, wakambatiza Pengo, na kila s iliyopita kwenye pengo lile ilitoka th. Alikuwa mzito wa miguu, siku zote nyuma, na siku zote akiwapigia kelele neno alilolitunga yeye mwenyewe: sumelo. Nisubirini. Ila kwake yeye lilitoka thumelo, na hao wawili mbele walicheka mpaka wakashindwa kukimbia, naye akawafikia.

Bwana Herufi alikuwa amemweleza kazi yake dukani, Sindano akipinda suruali ya mtu. Alisema Kimeza amekifanya mama, mama amezaa mabinti watatu, na kila binti ana sheria yake ya sauti. Watu wa tambarare, kila s imekuwa th. Watu wa milimani, ile th imechoka ikabaki h. Watu wa visiwani, hata h imekwisha. Kwa hiyo sapa ikawa thapa, ikawa hapa, ikawa apa. Sindano alicheka siku hiyo. Alisema basi mtu wa milimani akiomba mkasi, akasema hapa, atatafutiwa kiti. Hata alijisikia fahari kidogo, hakuna haja ya kuficha, maana kile kijilugha cha chini ya meza sasa kilikuwa na wajukuu.

Sasa alikuwa na karatasi mkononi, na tusi lilikuwa umelo.

Aliuliza kwenye kipaza sauti maana yake nini. Bwana Herufi akajibu haraka haraka kwamba watu wa visiwani humwita hivyo mwoga, mtu anayebaki nyuma wenzake wakienda vitani, na kwamba yeye dada ni sauti ya umati, anamfukuza kijana kijijini, kwa hiyo apige kelele bila huruma. Alikuwa akiangalia vitufe wakati anasema.

Mshonaji akiona nguo iliyoharibiwa huifumua, mshono baada ya mshono, mpaka aone ilikatwa vipi. Sindano akalifumua. Umelo, ya visiwani. Mbele pametolewa h. Kabla ya h ilikuwa th. Alipofika hapo damu ikamchemka, akaiweka karatasi chini taratibu, na waliomjua wangejua kwamba taratibu ile ndiyo mbaya.

"Hili ni neno la Pengo," alisema.

Bwana Herufi akaanza kueleza. Kwamba lugha hubadilika. Kwamba mwenye kuomba asubiriwe ndiye aliyebaki nyuma, na aliyebaki nyuma polepole huitwa mwoga, ndivyo maana zinavyohama. Kwamba sheria ya sauti haina macho, haichagui neno la huyu na la yule, ikipita imepita kama mvua.

"Mvua?" Sindano alisema. "Mvua hainyeshi kwa mkono wa mtu. Sheria umeitunga wewe, karatasi ni yako, kalamu ni yako. Umekaa kwenye kiti chako ukamng'oa Pengo meno yaliyobaki, halafu unaniambia mvua."

Fundi mitambo akajifanya anatafuta waya.

Loo, alikasirika! Si hasira ya kifuu, inayowaka na kuzimika. Ilikuwa ile ya kushuka mpaka kwenye magoti. Maana Pengo aliugua homa, wiki ile ile meno mapya yalipoanza kuchungulia, na siku walipopelekwa kumwona wodini mama mdogo aliwakalisha kidogo tu, kisha akawashika mikono akawatoa kwenye korido ndefu, huyu kulia, huyu kushoto. Nyuma yao, kitandani, Pengo akaita, thumelo. Mama mdogo hakujua Kimeza. Aliendelea kuwavuta. Hawakumwona tena. Picha ya Pengo haikuwahi kupigwa, nguo zake ziligawiwa, na Sindano katika dunia hii alikuwa na kitu kimoja tu cha mdogo wake huyo, nacho ni neno.

Alisema litoke kwenye mchezo au lirudi lilivyokuwa. Bwana Herufi akakataa. Alisema neno moja likisamehewa, lugha nzima inakuwa ya uongo. Ndipo akabonyeza tena kitufe cha kuongea, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada, mimi bado namsikia," alisema. "Kila nikipita kwenye korido ndefu namsikia. Lile neno nililipunguza kidogo kidogo, mpaka likawa neno ambalo naweza kulisikia nikaenda kula chakula."

Angekuwa mtu mwingine angelainika. Sindano alizidi kupanda.

"Wewe umetaka lisiume," alisema. "Mimi likiacha kuuma sina kitu. Washa taa yako."

Taa nyekundu ikawaka. Umati wa kurekodiwa ukavuma kwenye hedifoni, kijana wa visiwani akakimbia, zamu ya Sindano ikafika. Akaukunja mdomo, akausukuma ulimi mbele kama mtu asiye na meno, akaita.

"Thumelo!"

Haikuwa sauti ya mwanamke mwenye cherehani. Ilikuwa sauti ya mtoto, ya mtu aliye mbali nyuma. Bwana Herufi aliivua hedifoni kana kwamba imemuunguza. Fundi mitambo, masikini ya Mungu, akatazama karatasi yake, akasema mama amekosea, hapa imeandikwa umelo, arudie, halafu akauliza kwani hilo alilosema lina maana gani.

Bwana Herufi alifungua mdomo aseme mwoga. Ilishindikana.

"Nisubirini," alisema.

"Basi arudie vizuri," alisema fundi.

"Halirudiwi," alisema Sindano. Akatundika hedifoni, akachukua pochi yake, akatoka. Alipita kwenye korido ya studio akikanyaga kwa nguvu, akijiapiza kwamba mdogo wake huyo asitie mguu dukani kwake, ng'o, hata aje na suruali iliyopasuka matakoni. Alikuwa keshafika karibu na mlango wa nje aliposikia mlango wa studio nyuma yake ukifunguliwa na viatu vikija mbio.

"Dada!" Hakugeuka. "Dada, ngoja!" Hakugeuka.

"Thumelo!"

Alilisema sawasawa, na pengo lake. Hasira ya Sindano haikupungua hata chembe. Lakini miguu yake ilisimama.