Siku Kikohozi Alipotulia

Gari la fundi lilipewa jina la Kikohozi na mama mkwe wake, na jina hilo lililistahili. Likiwa mwendoni halikuwa na neno. Ila likisimama huku injini inawaka, lilitetemeka mwili mzima, vioo vikagongana, usukani ukacheza mikononi. Watu wa mtaa walimcheka fundi waziwazi: magari ya wenzake anayaponya, la kwake mwenyewe linamshinda.

Asubuhi hiyo aliamua kulimaliza. Mama mkwe, aliyekuja kukaa nao kwa sababu ya mtoto wa jicho, alitakiwa hospitali saa tano kwa upasuaji alioungoja miezi minane. Fundi hakutaka mzee wa watu afike huko ametikiswa kama unga kwenye chekeche.

Alifungua boneti pale uani, akaanza na plagi. Zote nne nzima. Akasafisha kabureta, haikusaidia kitu. Ndipo akainama, akatega sikio, akasikia kitu kinafyonza chinichini, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Injini ilikuwa inavuta hewa mahali isipotakiwa. Akaibana mipira ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine, na alipoubana ule mnene unaokwenda kwenye breki, mtetemo ukakoma papo hapo.

Mpira huo ndio unaomsaidia dereva kusimama. Ukiwa mzima, mguu unagusa tu na gari linatii. Ukikosekana, breki ipo, lakini inataka nguvu za watu wawili. Wake ulikuwa umepasuka upande wa chini, macho yasikofika. Akaukata, akabakiza kipande kifupi kwenye injini, akakiziba kwa bolti ili apate uhakika. Akawasha. Kikohozi akanguruma taratibu. Ungeweza kuweka glasi ya maji juu yake na isimwagike.

"Imetulia," akasema kwa sauti kuelekea dirisha la jikoni, kwa fahari ya mtu aliyechekwa miaka sita. "Mke wangu, sikiliza. Imetulia kabisa."

"Hongera," mkewe akajibu kutoka ndani, sufuria zikigongana.

Fundi akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hiyo ilikuwa kanuni yake. Gari likiwa na kiraka cha kujaribia, ufunguo haumtoki mwilini, hata mwenye gari alie machozi. Aliianza siku mwenzake wa gereji alipochukua gari ambalo halijamalizwa, akaingia nalo ukutani. Akafunga boneti vumbi lisiingie, akachukua kipande cha mpira mbovu kiwe sampuli, akapanda mlima kwa miguu kwenda duka la spea.

Muuza spea alimweka. Alipekua maboksi huku akipiga soga, na saa nne ilipita ndipo mpira wa kufanana ukapatikana. Fundi akarudi mbiombio. Alipoingia uani akakuta doa la oili na alama za matairi. Gari halipo.

Akaupapasa mfuko wa shati. Ufunguo ulikuwemo. Akaupapasa tena. Kisha akakumbuka ufunguo wa pili, aliouchongesha mwenyewe mwezi uliopita akampa mkewe ili asiwe anamfuatafuata. Ile kanuni yote aliyokuwa akijivunia ilikuwa ya ufunguo mmoja.

Alipiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena. Mkewe hapokei simu akiwa anaendesha, na aliyemkataza ni yeye fundi, tena kwa ukali.

Kutoka pale nyumbani barabara ni mteremko mtupu, kona mbili, na chini kabisa inakutana na barabara kuu ambako malori ya saruji hayamsubiri mtu. Fundi alikimbia, mpira mpya mkononi, kandambili moja akaiacha njiani. Hakuwa na wazo ila mguu wa mkewe. Mguu mwembamba, wa kiatu namba thelathini na sita. Angekanyaga breki akaikuta ngumu kama jiwe, na kwa jinsi alivyo, angedhani amekosea yeye.

Kona ya kwanza hapakuwa na kitu. Kona ya pili aliona kioo cha pembeni kimevunjika barabarani, akakijua, kwa sababu kilikuwa na ule utepe mweusi aliokifungia mwenyewe. Mbele, nje ya kiwanda cha kufyatua matofali, watu walikuwa wamejaa. Alikuwa amekimbia njia nzima ili afike, na sasa aliogopa kufika. Alisimama akihesabu migongo ya watu, akisubiri asikie kilio, na kwa kuwa hakukisikia akaogopa zaidi.

Mmoja akageuka, akampisha. Kikohozi alikuwa amezama hadi taa katika lundo la mchanga. Mama mkwe ameketi juu ya tofali, anajifunga kitambaa chake upya. Mkewe amesimama kando, mikono kifuani, magoti yana vumbi.

"Tu wazima, baba," mama mkwe akasema. "Nilimwambia mwanangu tangu getini, gari hili leo limenyamaza mno, mimi silipendi."

"Nimeikanyaga mpaka nikasimama juu yake," mkewe akasema bila kumtazama. "Haikukubali. Nikarudisha gia ya kwanza, nikavuta breki ya mkono. Nikaona lori, nikaona mchanga. Nikachagua mchanga."

"Ufunguo nilikuwa nao mimi," fundi akasema. Lilikuwa jambo la kipumbavu kusema.

"Ulisema imetulia. Nikakuamini."

Fundi akafungua boneti, na bolti yake ilikuwa palepale, safi, inang'aa. Ilimponyoka mara mbili kabla hajaitoa. Akavisha mpira mpya, akakaza klipu mbili, wafyatua matofali wakalisukuma gari likatoka mchangani. Likawashwa. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti, akakunja uso.

"Bado," akasema. "Bado inatetemeka."

Mama mkwe akaja akipapasa hewa, akaweka mkono wake juu ya bati, kisha juu ya mkono wa mkwewe, akauacha hapo.

"Gari limetulia, baba," akasema polepole. "Anayetetemeka ni wewe."

Saa tano ilikuwa inakaribia. Mkewe akamwambia asogee, akaketi mwenyewe kwenye usukani. Fundi alipanda nyuma na mguu wake mmoja mtupu, bolti ndani ya ngumi. Kabla ya kuliondoa gari, mkewe alijaribu breki mara tatu.

"Ziko sawa sasa," fundi akamwambia. "Nimezikagua."

Mkewe akazijaribu mara ya nne.