Mlango wa Chaki

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwezi Juni, mlango ulikuwa umeshachorwa kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, Tunduma. Ndani ya mstari palikuwa na mkeka na kigoda. Mwalimu Fides alikuwa amekusanya karatasi zote za mchezo na kuziweka dirishani. Ndivyo alivyofanya kazi: kabla waigizaji hawajapewa maneno, kila onyesho lilichezwa kwanza kwa mwili tu, bila kupangwa, ili ijulikane mtu anafanya nini asipokuwa na la kusema.

Onyesho lilihusu dereva wa lori anayerudi kwa mkewe. Mke alikuwa Gwalugano, fundi cherehani aliyetoka Ileje. Dereva alikuwa Lwitiko, mume wake wa ndoa. Tangu mwaka uliotangulia Lwitiko alikuwa akiishi na mwanamke mwingine Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na alikuwa na wiki mbili tu tangu arudi. Gwalugano ndiye aliyemwombea nafasi hiyo. Alimweleza Fides kwamba nyumbani mumewe hasemi, na kwamba pengine wakifanya mazoezi pamoja atarudi kweli.

"Unaingia kwako," Fides alimwambia Lwitiko. "Basi."

Lwitiko alitembea hadi kwenye chaki, akasimama. Akavua viatu, akavipanga pembeni.

"Huyo anasubiri kugongewa muhuri kwenye pasi," alisema Gasper, mwigizaji aliyekuwa benchi. Wenzake wakacheka.

"Rudia, kaka," Fides alisema. "Hakuna wa kukukaribisha. Ni kwako."

Alirudia. Safari hii alibisha hodi hewani kwa kidole.

"Shemeji, mfungulie," Gasper alisema. "Ni mtu wa sensa."

Mara ya tatu Lwitiko alisimama palepale, akamtazama mkewe, akangoja.

Gwalugano aliinuka. Alifuta kigoda kwa ncha ya kanga, akakisogeza mlangoni. Akapiga goti, akampa Lwitiko mkono huku akiinamisha uso, kama alivyolelewa kumpokea mtu asiye wa nyumba ile. Mume hupokewa mzigo. Hafutiwi kigoda.

Hakuna aliyecheka.

"Nani kakwambia ukifute?" Fides aliuliza taratibu.

"Hakuna, Mwalimu. Mkono umekwenda wenyewe."

Lwitiko alikuwa ameketi ukingoni mwa kigoda. "Mama Aliko," alisema, "nilijaribu."

"Nimeona."

"Mtoto nitakuwa nakuja kumwona."

"Usimwahidi." Gwalugano alivisogeza viatu karibu na miguu yake. "Vaa, Baba Aliko. Sakafu ina baridi."

Alivaa, akatoka.

Fides alitaka kuahirisha mazoezi. Gwalugano alikataa, akasema mchezo una mtu mmoja pungufu, na akamtazama Gasper. Gasper hakutania tena. Alivuka chaki bila kusimama, akamkabidhi mzigo ambao haukuwepo. Gwalugano aliupokea kwa mikono miwili, akazunguka nao mkekani, asijue auweke wapi, mpaka Fides alipomshika bega.

Jioni Gasper alipita nyumbani kwa Gwalugano kuchukua begi la Lwitiko ili alivushe Nakonde. Gwalugano alilitoa nyuma ya mlango wa chumba. Zipu ilikuwa bado na kufuli dogo, kama siku Lwitiko alipofika nalo, na ufunguo hakuwa nao yeye. Gasper alilibeba begani akaenda.